Ya Moto, Haina Moto

Kila kijiwe cha bodaboda kina pikipiki moja ambayo asubuhi haitaki kuamka. Mwenyewe anapiga kiki mpaka anavua koti, wenzake wanamcheka, anavuta choki, anaisukuma, mwisho inakubali na siku inaendelea. Hiyo haina maneno. Niliyokuwa nayo mimi mwaka 2013, pale Kikatiti, ilikuwa kinyume. Asubuhi ilikuwa inawaka kwa kiki moja ya usingizi. Inapiga kazi vizuri tu mpaka jua lipande na injini ishike moto. Halafu uizime, dakika moja tu, abiria ashuke atafute chenji. Basi. Kuizima juu yako, kuiwasha juu ya Mungu.

Utapiga kiki kumi, ishirini, mpaka goti likuite kwa jina. Kimya. Ukae chini nusu saa, ufikirie maisha yako, uinuke upige moja bila hata matumaini: inawaka, inaunguruma kama vile si yenyewe iliyokuaibisha.

Jina la waliyoitengeneza silitaji, sina ugomvi nao. Ilikuwa 125 ya kawaida kutoka China, zile ambazo injini yake ni mtoto wa Honda CG125 ya mwaka 1976: pushirodi mbili, kabureta moja, hakuna maringo. Zimeibeba nchi hizo. Serikali ilipoweka kanuni za kuzitambua kama usafiri wa abiria mwaka 2010, kila kijana aliyemaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa, nami nikiwemo, akawa na mahali pa kwenda asubuhi.

Kwa asiyepajua, Kikatiti ni mji mdogo uliojipanga kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Ukitoka Arusha unapita Tengeru, Usa River, Maji ya Chai, ndipo unafika. Ukizidi kwenda unakuta njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA. Asubuhi isiyo na mawingu, ukisimama pale lami unatazama Moshi, Kilimanjaro iko mbele yako na Meru, mita zake 4,566, iko nyuma ya bega lako la kushoto. Watalii wanalipia kuona hivyo. Sisi tulikuwa tunaangalia Hiace zinashusha nani. Maana abiria wa tambarare halipi, anatembea. Hela ilikuwa mlimani, njia ya kupanda Sakila, ambayo miaka hiyo ilikuwa vumbi tupu na mawe, na kona ambazo unapanda na gia ya kwanza mpaka mkono unakufa ganzi. Mama, mtoto, kiroba cha unga na jerikeni la mafuta ya taa, wote juu ya injini ya cc 125. Inapanda huku inanuka. Ukifika juu, unazima.

Umeshaelewa.

Na pikipiki haikuwa yangu. Ilikuwa ya Mama mdogo, ndugu yake mama yangu tumbo moja, anayeuza maharage soko la Tengeru. Aliinunua kwa mkopo wa kikundi chao cha VICOBA, akanipa kwa mkataba wa mdomo: shilingi 7,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi kumi na miwili. Ukipiga hesabu ni zaidi kidogo ya milioni mbili. Ikitimia, kadi inabadilishwa jina, chombo changu. Huyu ndiye aliyenilipia ada tangu baba alipofariki. Nakwambia mapema ili ujue ni deni la aina gani. Hesabu yangu ikikatika, yeye Jumapili anakaa kwenye kikao cha kikundi akiangalia vidole vyake.

Mwezi wa tisa wa mkataba ndipo ugonjwa ulipoanza.

Mara ya kwanza ilinikuta na mama mmoja aliyetoka kumpeleka mtoto zahanati, anarudi nyumbani. Katikati ya mlima akaomba nisimame amfunge mtoto vizuri, kanga ilikuwa imelegea. Nikazima, kwa adabu. Ikawa ndiyo hapo. Nilipiga kiki mpaka yule mtoto mwenye homa akaanza kunicheka. Mama yake akasubiri, akasubiri, akashusha pumzi, akasema, “Pole mwanangu,” kisha akaanza kupanda kwa mguu kwenye jua lile. Nauli hakunipa na wala sikuidai. Kilichoniuma ni ile pole. Angenitukana ingekuwa afadhali.

Kijiweni kila mtu akawa daktari.

“Chalii yangu, hayo mafuta yamechakachuliwa.” Miaka ile neno hilo lilikuwa mdomoni mwa kila mtu, kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, na petroli au dizeli. Lakini EWURA ilishaanza kuyawekea mafuta vinasaba mwaka 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya mchezo huo ikakatika. Halafu mimi nilikuwa nanunua kituo kilekile wanachonunua wenzangu, na zao zinawaka. Mwingine akasema ile kona ya pili ina mwenyewe, nisizimie pale. Nikazima kona ya tatu. Mwenyewe alikuwepo na huko.

Mwingine akasema, “Imwagie maji.” Hii ilifanya kazi, na ndio ubaya wake. Nilimwaga chupa nzima kwenye mapezi ya silinda, mvuke ukapanda kama sufuria ya makande, baada ya dakika kumi ikawaka. Nikajiona fundi. Kwamba chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi ghafla kinaweza kupinda au kupasuka, hilo nililijua baadaye. Kwa wiki nzima nilitembea na chupa ya maji chini ya kiti, sikuuliza tena swali lolote.

Mafundi nao. Wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akapuliza vitundu kwa mdomo, akafunga, na skrubu moja ikabaki mkononi. Wa tatu, kijana wa rika langu, akasema ringi zimekwisha, tushushe silinda, niandae 60,000. Siwalaumu. Wote watatu niliwapelekea pikipiki nzima. Hebu fikiria: inakataa Sakila. Nafanyaje? Naigeuza, nashika klachi, naiacha iteremke yenyewe, injini kimya, upepo wa mlima unapita kwenye mapezi. Mara mojamoja, kwenye mteremko mkali, nikiachia klachi ghafla ilishika. Mara nyingi haikushika. Mpaka nifike lami, niisukume mpaka gereji, fundi amalize chai yake, anawe, apige kiki… inawaka. “Mbona nzima hii?” Mlima uleule ulionivunja ulikuwa unanitibu njiani, nafika kwa daktari sina homa.

Hiyo “mbona nzima” ikamfikia Mama mdogo kabla yangu.

“Shikamoo Mama mdogo.”

“Marahaba. Inakufa saa nane, inafufuka saa tisa. Pikipiki gani hiyo? Yesu mwenyewe alifufuka siku ya tatu.”

Nikacheka. Yeye hakucheka.

“Fundi kasema nzima. Watu wa kikundi niwaambie nini? Au ni yale makaratasi yako?”

Makaratasi yangu ni kauntabuku ya kurasa nyingi niliyokuwa naficha chini ya koti. Kati ya abiria na abiria nilikuwa naandika hadithi. Nyinyi mnaosoma gazeti hili mnaujua ugonjwa huo, sina haja ya kuueleza. Mama mdogo aliuona tangu nikiwa sekondari, na kwa maoni yake ndio ulionifelisha. Akanipa mpaka mwisho wa Oktoba. Hesabu zisipokaa sawa, chombo anapewa kijana mwingine, na miezi yangu tisa inabaki kuwa sadaka.

Hapa sasa ndipo panaponiuma. Ndani ya mwezi ule nilikuwa nimemwambia mara tisa kwamba pikipiki imekataa, sina hesabu. Mara saba ilikuwa kweli tupu. Mara mbili nilidanganya.

Zote mbili Jumatano, kwa sababu soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi, na siku hizo Mama mdogo hatoki kwenye maharage yake tangu alfajiri mpaka giza. Tarehe 11 Septemba niliiacha pikipiki nyumbani nikapanda Hiace mpaka Arusha, nikaingia Maktaba ya Mkoa, nikasoma mpaka macho yakawasha. Tulipopita Tengeru nilikuwa nimeinamisha kichwa nikijifanya nafunga kamba ya kiatu. Tarehe 25 sikutoka kabisa. Nilijifungia chumbani, pikipiki nzima mlangoni, nikaandika hadithi kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa. Jioni nikamwambia imekataa. Na unajua kilichonitisha? Ilikuwa rahisi. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyewahi kuuona, kwa hiyo na uongo nao nani angeuona? Ila tangu siku ile, kila nilipokwama kweli nikampigia simu, nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ikisema kweli kwa lafudhi ya mwongo.

Ndipo nikaanza kuandika kitu kingine. Kauntabuku ileile: hadithi ilikuwa imeanzia nyuma, nikaigeuza, upande wa mbele nikachora mistari kwa rula. Tarehe, saa, mahali, mzigo, mafuta yaliyomo kwenye tangi, hali ya hewa, dakika ngapi mpaka ikawaka. Zile siku saba za kweli nikazijaza kwa kukumbuka. Mbili nikaziruka. Nilishindwa, kwa kweli. Kalamu ilifika pale ikasimama.

Baada ya wiki mbili karatasi ikaanza kusema. Tangi lijae au lipungue, inakataa vilevile. Siku ya mawingu inachelewa, lakini inakataa. Haijawahi kukataa kabla ya kupanda mlima. Kupoa inachukua dakika 25 mpaka 35, kama vile ina saa. Na zile mara chache iliposhika kwenye mteremko, zote zilikuwa pale penye mteremko mkali kuliko pote, pikipiki ikiwa kasi. Hiyo ya mwisho niliiandika kwa kuwa nafasi ilikuwepo kwenye mstari, sikuiona kuwa na maana.

Maji ya Chai kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza pikipiki za mabwana shamba tangu enzi ambazo kijiji kizima kina pikipiki moja. Gereji yake ilikuwa mti na turubai. Nikamwamkia, nikaanza kueleza, akanyoosha mkono achukue kauntabuku. Aliisoma kama mtu anasoma hati ya kesi, kidole cheusi kinashuka mstari kwa mstari. Kikafika pale kwenye mteremko kikasimama.

“Hii ya kushika ukiwa kasi, una hakika nayo?”

“Nina hakika, Mzee.”

Akatabasamu, meno ya rangi ya chai kama yangu na ya wengi tuliokulia maji ya ukanda huu, yaliyojaa floraidi. “Basi usiniachie hapa. Hapa itanidanganya kama ilivyowadanganya wenzangu. Nipandishe huko inakofia.”

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, saa saba mchana, nikampakia. Alikuwa na kifuko cha kitambaa: spana ya plagi, bisibisi, plagi mpya, mita ndogo ya umeme ya kioo, na vipande viwili vya umeme alivyovitoa kwenye pikipiki nzima ya mteja, koili ya juu na kile kisanduku cheusi tunachokiita sidiai. Alikuwa mzito kuliko kiroba. Injini ikapanda inanuka vizuri sana. Kona ya tatu akanigonga bega: “Zima.” Nikazima. “Washa.” Ikakataa. Yule mzee alifurahi kama mtu aliyeona mgeni wake anashuka kwenye basi.

Nikainua mguu nipige tena, akanizuia. “Ukipiga-piga unaijaza mafuta, unaleta ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Kaa hapo.”

Kwanza akafungua mfuniko wa tangi, sikio karibu. Kama kitundu cha mfuniko kimeziba, tangi linavuta hewa ndani, mafuta yanagoma kushuka, na ukifungua unasikia mluzi. Hakukuwa na mluzi. Akalegeza skrubu ya chini ya kabureta: petroli ikamwagika ya kutosha, safi. “Chakula kipo,” akasema, akafunga.

Kisha akashika kiki kwa mkono akaibonyeza polepole. Hapa alinieleza kitu ambacho mafundi wote watatu hawakukigusa. Valvu ikipata moto inarefuka. Kama nafasi ya tapeti imebanwa mno, valvu ya ekzosi inabaki imeachia kidogo, kompresheni inavuja, na pikipiki haiwaki mpaka ipoe, dalili zilezile za kwangu. Kwenye CG125 nafasi hiyo ni milimita 0.08 injini ikiwa baridi, unene wa unywele. Pikipiki nyingi zinazogoma zikiwa za moto, alisema, wala hazihitaji zaidi ya spana na uvumilivu wa kupima unywele huo. Lakini kiki ya kwangu ilikuwa inausukuma mkono wake kwa nguvu. “Pumzi ipo. Imebaki roho.”

Akatoa plagi kwa kitambaa, ilikuwa inachoma, akaweka mpya kwenye kofia ya waya, akailaza juu ya chuma cha injini. Kisha akavua kofia yake ya kichwani akaikinga, maana mchana wa jua cheche haionekani, na nadhani ndiyo sababu wengine hudhani hakuna wakati ipo. Tukainamisha vichwa wawili ndani ya kivuli kile.

“Piga.”

Nikapiga. Giza.

“Tena.”

Giza.

“Umeona? Ya moto, haina moto.” Akacheka peke yake. Mafundi wanaita cheche moto, mzaha huo lazima alikuwa ameshautumia miaka ishirini. Mimi sikuweza kucheka, nilikuwa nataka kulia kwa furaha: kwa mara ya kwanza mtu mwingine ameuona.

Akabadilisha koili ya juu. Giza. Akabadilisha sidiai. Giza. Akarudisha vyangu, akachomoa soketi ya nyaya zinazotoka kwenye mfuniko wa kushoto wa injini, akagusisha mita kwenye waya mweusi wenye mstari mwekundu na bodi. Kioo kikaandika 1, peke yake, pembeni kushoto. Hiyo ndiyo lugha ya mita ya kusema njia imekatika. Akapima na ule wa bluu wenye mstari mweupe: namba ya kawaida.

“Andika,” akaniambia. “Saa saba na dakika arobaini. Moja.”

Ndani ya mfuniko ule kuna sumaku inayozunguka, na ndani yake koili kadhaa. Moja yao, iliyosokotwa kwa waya mwembamba kama uzi wa buibui, kazi yake ni kuilisha sidiai. Waya ule ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya vanishi yake. Ukiwa baridi ncha mbili zinagusana, umeme unapita, wewe unasema nzima. Joto la injini likiingia, vitu vinatanuka, ncha zinaachana.

“Sasa kwa nini nikiwa naendesha haizimiki?”

“Ukiwa kasi sumaku inazunguka sana, umeme ni mwingi, unaruka ufa. Ukipiga kiki, umeme ni wa mguu wako tu. Unafika ukingoni unarudi. Ndiyo maana mteremko mkali ulikuwa unakuwashia. Uliliandika jibu wewe mwenyewe, hukulisoma.”

Nikasema basi tushuke tukanunue. Akakataa. Kuona imekatika ikiwa ya moto ni nusu ya ushahidi, akasema, tungoje tuione ikirudi. Tukakaa chini ya mti. Kila dakika tano alipima, nami naandika. Saa 7:45, moja. Saa 7:50, moja. Ng'ombe wakapita, watoto wa shule wakapita, wakatusalimia shikamoo wakadhani tumepata ajali. Mzee akawa anapekua kauntabuku, akaigeuza.

“Na huku nyuma?”

“Hadithi, Mzee.”

“Ya nani?”

“Ya mama mmoja anauza maharage.”

“Yupo huyo mama?”

“Yupo.”

“Anajua?”

“Hajui.”

Akaifunga taratibu, akanirudishia kama unavyorudisha kitu cha moto.

Saa 8:05 kioo kikaanza kucheza, namba inatokea inapotea. Saa 8:10 kikatulia: 312. Akarudisha soketi, akanipa ishara kwa kidevu. Kiki moja. Ikawaka. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, koili ileile ilisoma 265, na hilo nilikumbuka darasa la fizikia: shaba huongeza ukinzani wake kwa karibu 0.4% kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo tofauti ile haikuwa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ile moja.

Stata nzima ya koili niliinunua Arusha mjini kwa 22,000, Mzee akafunga kwa 5,000. Ijumaa mchana nilipanda Sakila mara nne bila abiria, nachoma mafuta yangu mwenyewe, nazima kila kona na kuwasha. Kona ya tatu niliizima na kuiwasha mara kumi, mpaka mama mmoja aliyekuwa anapalilia migomba akaniuliza kama nina akili timamu.

Jumamosi tarehe 12 nikaenda Tengeru kwa pikipiki yenyewe. Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma ya magunia yake, miwani imeshuka puani, kopo la kupimia mkononi. Nikamwamkia, nikampa koili ya zamani iliyofungwa kwenye gazeti, pamoja na kauntabuku iliyofunguliwa upande wa mistari. Chini ya ile 312 Mzee alikuwa ameweka saini, na kando ya saini dole gumba la oili, bila kuombwa.

Alisoma yote. Anasoma polepole, midomo inatembea. Aliishika ile koili, akaigeuza, akaiweka juu ya maharage. Nikaona uso wake unaanza kulegea, nikasema moyoni nimepona. Kisha kidole kikarudi juu.

“Tarehe kumi na moja mbona hakuna?”

Sikujibu.

“Na ishirini na tano. Uliniambia imekataa.” Alikuwa anazikumbuka kwa vichwa, bila kuandika popote. Bila shaka ni kwa sababu kila moja alikwenda nayo kwenye kikao.

Ningeweza kusema nilisahau kuziandika. Karatasi imejaa siku za kweli, mbili zaidi zingeamini nani asizikubali. Kopo lilikuwa mkononi mwake, nakumbuka lilikuwa la maziwa ya Nido, limeliwa na kutu mdomoni.

“Siku hizo ilikuwa nzima, Mama mdogo.”

Akanyamaza muda mrefu. Mteja akaja, akauliza bei ya soya njano, akajibiwa bila kuangaliwa.

“Elfu kumi na nne,” akasema.

“Ndiyo Mama mdogo. Nitaleta.”

“Ulikuwa wapi?”

“Ya kwanza maktaba. Ya pili nyumbani, naandika.”

“Unaandika nini?”

Mkono ukanitangulia, nilitaka kuichukua kauntabuku, lakini alishaigeuza. Alishaanza mstari wa kwanza, midomo inatembea. Mteja akakohoa, anataka kilo mbili. Mama mdogo hakuinua macho. Akaninyooshea kopo.

“Mpimie,” akasema.